Mbwa Wako Hana Neno, Lakini Mshike Kamba

Leo tunaingia msituni, na tunaingia na mbwa.

Msitu wenyewe ni Karura, Nairobi. Kwa aliyeko Mombasa, Kisumu au Arusha ambaye hajawahi kuufikia, ni zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji. Umepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda wanakokaa wenye nazo, na Huruma na Githogoro wanakokaa wanaohesabu shilingi. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 ukaanza kumegwa na wanyakuzi wa ardhi, na tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda huko kupanda mti, akatoka damu inamchuruzika kichwani baada ya kupigwa na watu waliokodiwa kulinda viwanja hivyo. Leo una njia za zaidi ya kilomita 50. Watu wanatembea, wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanatandika leso na kula chakula chao kivulini. Na mbwa anaruhusiwa. Sharti ni kwamba awe amefungwa kamba muda wote aliomo msituni.

Sharti dogo kama hilo lingetakiwa liwe limekwisha kuzoeleka. Lakini nenda Jumamosi asubuhi, pita lango, tembea dakika kumi hadi pale njia inapopinda na bawabu haonekani tena. Hapo ndipo kamba zinapofunguliwa. Mbwa anachomoka mbele, anapotelea kichakani, anarudi, anakuja moja kwa moja miguuni kwako. Na kutoka nyuma kabisa, mahali ambapo mwenyewe hata hajatokeza, unasikia sauti: "Usiogope, haumi!"

Msikilizaji, nimelisikia neno hilo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, na nina ugomvi nalo. Simwiti msemaji mwongo. Huenda mbwa wake kweli hana neno. Huenda nyumbani analala na watoto na anakula biskuti mkononi mwa bibi. Ila mimi ninayekutana naye njiani sijui hayo, wala sina muda wa kuyajua katika zile sekunde tatu kabla hajanifikia.

Tena mimi ni mtu mzima mwenye mikono mitupu. Yuko mama wa kijiji cha jirani, katika wale wanaoruhusiwa kuingia msituni kuokota kuni. Mtazame vizuri. Mzigo uko mgongoni, umefungwa kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama, mikono imeshika ukanda pande zote mbili. Mama huyu hawezi kugeuza shingo kuangalia kinachobweka nyuma yake. Hawezi kuruka pembeni. Akijikwaa, zile kuni zote zitamwangukia. Ukimwambia mbwa haumi utakuwa hujamsaidia kitu, kwa sababu kinachomtisha ni kuanguka, na mbwa mpole anayetaka kucheza anaweza kumwangusha sawasawa na yule mkali.

Yuko pia Mwislamu aliyetoka South C au Eastleigh na familia yake kupunga hewa. Sisi Waswahili wengi tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ndani yake ni najisi nzito: ulipoguswa na ulimi wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu huyu hamchukii mbwa, na dini yake imemfundisha kumhurumia hata mbwa mwenye kiu. Anachotaka ni nafasi ya mita mbili apite na kanzu yake safi. Kamba inampa mita hizo. Salamu za mwenye mbwa, hata ziwe tamu namna gani, hazimpi.

Mpaka hapa nimesema habari za binadamu, na binadamu ana mdomo, anaweza kugomba. Karura kuna wenyeji wasioweza kugomba. Kuna pongo, kuna nungunungu, kuna komba wanaotoka usiku, kuna kima, na kuna mbega weusi kwa weupe walioletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, katika miaka ya 2010 ili msitu huu uwe tena na mbega wake. Na kuna paa mdogo aitwaye suni, ambaye ningependa tukae naye kidogo.

Suni ana uzito wa kilo tano hivi, pungufu ya mbwa wengi wanaopita langoni. Mabegani hafiki nusu mita. Kinga yake ya kwanza ni kutulia: anasimama kama kisiki katikati ya majani, rangi yake na ya majani makavu ni moja, na watu hamsini wanaweza kupita hatua chache kutoka alipo wakizungumza siasa bila kumwona. Mbinu hii imemtunza kwa watu. Kwa mbwa haifai kitu, kwa sababu mbwa hatafuti kwa macho, anatafuta kwa pua. Anamfikia pale pale alipojificha. Suni anasubiri mpaka dakika ya mwisho, kisha anatimka akikata kona huku na huku. Na Karura imezungushiwa uzio wa umeme. Uzio huo ndio uliouokoa msitu na wahalifu na wanyakuzi, siusemi vibaya, lakini maana yake kwa suni anayekimbizwa ni kwamba msitu una mwisho.

Mwenye mbwa atakwambia, "Hakumkamata, alimkimbiza tu." Waulize madaktari wa wanyamapori. Mnyama wa jamii ya paa akikimbizwa kwa hofu kubwa, misuli yake inachemka na kuharibika, sumu zinaingia kwenye damu, figo na moyo vinashindwa. Anaweza kufa saa kadhaa baadaye, au hata siku kadhaa, bila alama ya jino mwilini. Mwenye mbwa amekwisha rudi nyumbani, amekwisha kunywa chai, na kwa dhamiri safi kabisa anasimulia jinsi mbwa wake alivyofurahi.

Nakubali kwamba hata kamba si dawa ya kila kitu. Huko Australia, mwaka 2007, watafiti walichapisha jaribio walilolifanya katika misitu ya karibu na Sydney. Walipitisha mbwa waliofungwa kamba kwenye njia za msituni, kisha wakahesabu ndege. Aina za ndege zilizoonekana zilipungua kwa asilimia 35, na idadi ya ndege kwa asilimia 41, kulinganisha na njia ambazo hakupita mtu wala mbwa. Watu waliopita bila mbwa nao waliwasumbua ndege, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Na ndege walioathirika sana ni wale wanaokaa chini, karibu na ardhi. Kwetu hapa fikiria kanga na kwale, wenye mayai yao chini ya kichaka. Kwa hiyo anayefuata sharti la kamba naye ajue kwamba amepewa hisani. Msitu umekubali kupoteza kitu ili yeye apite na mbwa wake.

Halafu kuna kamba na kamba. Siku hizi zinauzwa zile zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio, unabonyeza kitufe na mbwa anakwenda mita tano, wakati mwingine nane. Mwenyewe anakuapia kwamba mbwa wake amefungwa. Amefungwa, ndiyo, lakini yeye yuko upande huu wa kona na mbwa yuko upande wa pili, na katikati kuna uzi mwembamba usioonekana, umekingama njia nzima, na baiskeli inakuja. Wenzetu waliandika kipimo. Katika hifadhi za taifa za Marekani kamba haitakiwi kuzidi futi sita, yaani mita 1.8 hivi. Uingereza, kwenye ardhi za wazi ambazo sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu haki ya kutembea, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, majira ya ndege kutaga, kamba isizidi mita mbili. Kanuni isemayo kamba tu, bila kusema ya urefu gani, imeacha mlango nusu wazi, na Mkenya hajawahi kuona mlango nusu wazi akaupita bila kuusukuma.

Mahali pengine hata kamba fupi haitoshi. Hifadhi za taifa, za Kenya na za Tanzania, mbwa wako wa nyumbani haingii, awe na kamba, awe na kikapu, awe amebebwa mkononi kama mtoto. Mbwa ninaowajua wanaofanya kazi kihalali katika maeneo ya wanyama ni wale wa askari, wanaonusa nyayo za majangili na pembe zilizofichwa, na hao wana mafunzo, wana chanjo na wana daktari. Watu wengi hudhani katazo hili limewekwa kwa sababu simba anaweza kumla mbwa. Ukweli ni kwamba mbwa naye anaweza kumwua simba, tena bila kumgusa.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka, wakianguka, wakipatwa na kifafa. Walikufa takriban simba 1,000, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa Serengeti, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara. Ulikuwa distempa, ugonjwa wa virusi unaojulikana sana kwa mbwa, na uchunguzi uliwaelekeza wataalamu kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Baadaye ikaonekana kwamba virusi hivyo vinaweza pia kuzunguka miongoni mwa wanyama wengine wa porini, kwa hiyo kuchanja mbwa peke yake hakumalizi kazi. Lakini tayari somo lilikuwa limelipiwa kwa simba 1,000. Ethiopia nako, katika milima ya Bale, mbweha wekundu wa Kihabeshi, ambao hawapatikani popote duniani ila nchi hiyo, wameuawa mara kadhaa na kichaa kilichotoka kwa mbwa wa wafugaji.

Na tukifika kwenye kichaa cha mbwa, tumefika kwetu wenyewe. Ugonjwa huu unakisiwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali ya kukurudisha. Lakini pia ni ugonjwa unaozuilika kirahisi mno: wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, mwaka baada ya mwaka, virusi vinakosa pa kupitia. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030, na Makueni, Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu zikawekwa mstari wa mbele. Kwa hiyo cheti cha chanjo, kwa maoni yangu, kingefaa kuoneshwa langoni pamoja na tiketi. Na wewe unayenisikiliza, ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa yeyote, uwe unamjua au humjui, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie sindano. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Kuna jambo la kinyesi, na sitalikwepa kwa kuwa ni saa ya chakula. Watu hujitetea kwamba msitu umejaa kinyesi cha wanyama, cha mbwa kina ubaya gani? Pongo amekula majani ya msitu huu na anayarudisha hapa hapa. Mbwa amekula nyama na chakula cha dukani, amekuja kwa gari, na anachoacha ni mbolea ya nje. Watafiti wa Ubelgiji walipima jambo hili kwenye misitu ya kando ya mji wa Ghent na kuchapisha mwaka 2022: mbwa walikuwa wakiongeza kilo 11 hivi za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Ardhi ikishiba namna hiyo, magugu yanastawi na mimea ya kiasili inasongwa. Acha minyoo, ambayo mayai yake hukaa udongoni yakimsubiri mtoto anayechezea mchanga.

Basi okota. Ila hapa Kenya kuna kizingiti ambacho vitabu vya wenzetu haviongelei. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi katika misitu, hifadhi na fukwe zinazolindwa. Kwa hiyo ule ustadi wa Ulaya wa kijifuko cheusi haukufai sana. Chukua gazeti kuukuu na mfuko wa khaki, au kijikoleo na kopo lenye kifuniko, kama anavyobeba mtu kopo la rangi. Na ukishaokota, ondoka nacho. Wako wanaookota vizuri, wakafunga vizuri, halafu wakatundika kwenye tawi. Hawa sijui wamemfanyia nani kazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijasikia likizungumzwa, na ndilo lililonifanya niombe dakika hizi. Kanuni zote hizi zimeandikwa zikimwambia mwenye mbwa. Lakini simama langoni siku ya kazi, saa tatu asubuhi, uangalie mikono iliyoshika kamba. Si ya mwenye mbwa. Mwenye mbwa yuko ofisini. Aliyeshika kamba ni kijana wa bustani, au askari wa zamu ya usiku aliyeambiwa azungushe mbwa kabla ya kwenda kulala. Niliwahi kumtazama mmoja akiwa na mbwa wawili wakubwa wa Kijerumani, kila mmoja na uzito unaokaribia nusu ya wake. Kamba moja ilikuwa ya mbwa, ya pili ilikuwa ya manila, ile ya kuanikia nguo, ameizungusha kiganjani mara tatu ili isimponyoke. Mbwa wakivuta, kamba inamla ngozi. Nilimwuliza kama wamechanjwa. Akasema, "Hiyo ni ya mdosi kujua."

Jibu lake halikuwa na kosa. Hakupewa cheti, hakupewa cha kuokotea, hakufundishwa. Na mbwa wenyewe ni wale wa "Mbwa Kali" ambao watu huwaogopa hata kwenye maandishi ya lango: mchana wamefungiwa bandani, usiku wanafunguliwa wabweke ukutani. Hawajawahi kufundishwa kupishana na baiskeli, wala na mtoto, wala na mbwa mwingine. Tunamfuga mbwa miaka mitano awe adui wa kila mgeni, kisha Jumatano moja tunamtoa nje na kumtaka awe mstaarabu mbele ya wageni mia mbili. Yakitokea ya kutokea, atakayelaumiwa ni kijana. Atakayeng'atwa akijaribu kuwaachanisha ni kijana. Na mbwa akifunguka akakimbiza suni, atakayefukuzwa kazi ni kijana.

Wanyama wengine nitawapitia haraka. Paka hana kazi msituni. Ni mwindaji hodari wa ndege na mijusi, aachwe nyumbani, na anayemtupa paka aliyemchoka nje ya uzio wa msitu akidhani amempa uhuru amefanya ukatili wa pande mbili. Kasuku, sungura, kobe wa kufuga, hao nao wabaki walipo. Na kima wa Karura si wa kufuga wala wa kulishwa ndizi, hata kama ameketi mbele yako na uso wa huruma. Mbwa akimrukia kima dume, tusishangae mbwa akirudi na jeraha. Yale meno ya pembeni si ya mapambo.

Wasimamizi wa njia za matembezi, wa Karura na kwingineko, nawaomba mambo mawili: bango langoni litaje urefu wa kamba, mita mbili zinatosha, na liandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa zile zile zinazotumika kwa Kiingereza, kwa sababu msomaji wake mkuu ni yule kijana. Na wewe mwajiri unayenisikiliza ukiwa kwenye foleni ya Limuru Road, leo ukifika nyumbani usiku, kabla hujalala, weka mezani vitu vya huyo anayekutembezea mbwa: kamba fupi ya kitambaa kinene isiyokata mkono, kola inayokaza, kijikoleo na kopo lake, nakala ya cheti cha chanjo, na namba ya simu ya daktari wa mifugo. Kama mbwa ni wawili na wote wakubwa, wapelekwe mmoja mmoja. Na kama cheti cha chanjo hukioni mahali ulipodhani kipo, kesho mbwa asiende msituni. Aende kwa daktari.